Mtoto akitimiza miaka 4 gerezani

Sheria ya Magereza ya Kenya inamruhusu mama aliyefungwa kukaa na mwanawe mpaka atimize miaka 4. Uganda kikomo ni miezi 18. Baada ya hapo mtoto hutoka, mama akabaki.

Kinachowakwamisha wengi ni cheti cha kuzaliwa. Usajili ukipita miezi 6 unahesabiwa umechelewa, na vielelezo huongezeka. Mara nyingi bibi anayempokea mjukuu hana kadi ya kliniki wala kitambulisho cha mama. Bila cheti, kumwandikisha shule kunageuka safari za kwenda na kurudi, nauli juu ya nauli, na watoto wa rika lake wameshaanza PP1, darasa la kwanza la chekechea. Nakala za hati hizo ziombwe mama angali na mtoto.

Mlezi naye aanze kumtembelea mapema, tena mara kwa mara. Mtoto aliyezoea lango la kufunguliwa na askari huweza kusimama mlangoni pa bibi akisubiri afunguliwe, ilhali mlango uko wazi.

Lakini ukosefu wa usawa huanzia kizimbani. Sheria ya Kenya ya huduma kwa jamii ya 1998 inaruhusu kifungo kisichozidi miaka 3 kitumikiwe nje. Mwenye wakili huombewa ripoti ya afisa wa probesheni, inayoeleza hali yake na ya familia yake, kabla ya hukumu. Asiye naye hukiri kosa, akahukumiwa bila watoto kutajwa. Inaniuma, kwa sababu anaweza kuomba mwenyewe: "Mheshimiwa, nina mtoto ananyonya, naomba ripoti ya probesheni." Ataje na umri wa kila mtoto, na nani yuko nao sasa hivi.