Boti ya sikukuu: tulicholipia na tulichokataa Nakupenda na Changuu

Mfungo Mosi, Idi ya baada ya Ramadhani, ukikaribia simu yangu haitulii. Da, wewe uko hapohapo mjini Unguja, tutafutie boti, watoto wa bara wanakuja na hawajawahi kuona kobe wa kisiwa cha Changuu. Safari hii shemeji yangu wa Dar kabla sijajibu kitu keshamwaga ushauri kwenye grupu la familia, chukueni pakeji ya hotelini kila kitu kimo, mkihangaika na boti za pwani mtaibiwa. Nilikasirika, nasema kweli, maana ile pakeji aliyoituma niliisoma mstari kwa mstari na "kila kitu" chenyewe ni juisi ya kukaribishia, picha za droni, kamba koche mmoja kwa kila watu wawili, na miwani ya kuzamia ya kukodi, halafu bei kwa kichwa ukizidisha na ukoo wetu unapata hela ya kununua ng'ombe. Na kitu muhimu kuliko vyote, boti inaondoka saa ngapi na maji yatakuwa wapi saa hizo, hakimo hata kwa herufi moja.

Mie sichagui boti kabla sijachagua maji. Nakupenda ni fungu la mchanga tu, maji yakijaa linazama na yakipwa linatoka, kwahiyo ukienda saa mbaya umelipia kukaa ndani ya boti kutizama bahari. Na hili wala halihitaji programu ya simu, angalia mwezi. Huku kwetu mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua, maji yanakupwa sana karibu na saa nne asubuhi, alasiri yanajaa, na kila siku yanasogea mbele kama dakika 50 hivi. Sasa piga hesabu: sikukuu ya Mfungo Mosi ni mwezi mosi, yaani siku ya kwanza mwezi ukiandama, kwahiyo Idi Mosi, Idi Pili na Idi Tatu zote maji yanakupwa kati ya saa tano na saa sita na kitu mchana, fungu lote liko nje, ukitaka cheza mpira. Sikukuu ya Mfungo Tatu, ile ya kuchinja, ni mwezi kumi, yaani siku ya kumi tangu mwezi kuandama, mambo yamegeuka, maji yanakupwa alfajiri na saa sita mchana ndo yamejaa, na watu wanaenda saa ileile waliyokwenda sikukuu ile nyingine, kwa boti ileile na kwa bei ileile! Jirani yangu mwaka jana walikwenda Mfungo Tatu, wakakuta ukanda wa mchanga umejaa watu wa boti nyingine, hata pa kutandika mkeka hamna, na pakeji waliyolipia ilikuwa ya ghali kweli. Yule aliyewauzia alijua. Mtu anayeshinda pwani kila siku hawezi kukosa kujua maji.

Basi nikachagua Idi Pili.

Boti nilikwenda kuitafuta mwenyewe, na namna ninavyotafuta nawaambia wazi maana watu wanaona ni uchawi. Siendi asubuhi, asubuhi pale Forodhani papasi wamejaa, kila mmoja boti yake ndo nzuri kuliko zote na wengi wao hata boti hawana, wanakupeleka kwa mwenye boti na chao wanachukua juu yako. Nakwenda baada ya alasiri, boti zinaporudi. Nakaa pale natizama watu wanavyoshuka. Kuna boti watu wanashuka wameroa chapachapa, wamenuna, mtoto analia, nahodha yuko kwenye simu. Kuna boti nahodha anaingia majini mpaka mapajani kumshika mkono bibi kizee ashuke, kijana wake anakusanya chupa za plastiki na kuzitia kwenye gunia. Na jaketi za kuokolea tizama pia, zikishushwa zimelowa maana yake zimevaliwa, zikiwa zimefungwa fundo moja chini ya benchi na zimeota vumbi, hizo ni za kuonyesha askari tu. Halafu wale wanaoshuka unawauliza, vipi mlikula nini, mlikaa muda gani, mliongezwa hela njiani? Mtu aliyetoka safarini sasa hivi hakufichi.

Mzee nilompata ndo huyo wa kushika watu mikono. Nikamwamkia, shikamoo baba, marahaba mwanangu, habari za nyumbani, tukazungumza kwanza mambo ya upepo, kaskazi imeanza kulegea, mvua za masika zinanukia. Nikamwambia baba mie nnataka tutoke saa tatu kasoro, twende Nakupenda kwanza, Changuu baadaye. Akanitizama, akacheka, akasema "wewe mtoto wa pwani", maana kila boti inafanya kinyume, wanaanza kwenye kobe halafu mchangani saa sita, jua la utosini na boti zote zimeshafika. Pale pale nikajua bei tutaelewana. Hela kamili siitaji kwa sababu sikukuu bei zinapanda na kushuka, ila kwa boti nzima, watu wazima na watoto, tulilipa pungufu sana ya ile pakeji, hata nusu haikufika. Na nikatoa kidogo tu ya mafuta, nyingine nikamwambia nakupa tukirudi, akakubali bila neno. Mtu akitaka zote kabla hujakanyaga boti, ondoka.

Kwenye jaketi sikupunguza bei hata shilingi. Nilimwambia nataka za watoto, za saizi yao, si za watu wazima wazungushiwe kamba. Sisi hapa tumezika watu wa meli zilizozama, Spice Islander Septemba 2011 usiku kwenye mkondo wa Nungwi, Skagit Julai 2012 karibu na Chumbe na kusi linavuma, hamna mtaa haukuguswa. Kwahiyo mtu akiniambia Changuu ni karibu, nusu saa tu, jaketi za nini, mie simsikilizi.

Sasa vitu vya kuongeza. Miwani ya kuzamia ya kukodi tuliikataa, nilinunua yetu mjini, michache, watoto wanapokezana. Ile ya kukodi imepita kwenye nyuso za watu wote wa dunia, mpira umekauka, inaingiza maji, mtoto anakunywa chumvi dakika mbili halafu hataki tena. Ukinunua, usifunge mkanda kwanza, iweke usoni, vuta pumzi kwa pua, ikinata yenyewe bila kuishika ndo saizi yako, ikidondoka rudisha. Na mpya ina ukungu, isugue ndani kwa dawa ya meno usiku wake uisuuze. Mpwa wangu mwenye miaka saba alikuwa analala kifudifudi maji ya magotini anatizama samaki wadogo wenye mistari wanavyozunguka jiwe, akinyanyua kichwa ni kutuita, akiona sisi wazito anarudi. Hiyo miwani gharama yake ni chini ya ada ya siku moja ya droni.

Picha za droni tulikataa. Kamba koche tulikataa vilevile, si kwamba si mtamu, ni mtamu sana, lakini wa kwenye pakeji unakuja mdogo, umekaushwa, na hujui kilo yake. Nilikwenda diko la Malindi alfajiri ya Idi, nikachukua samaki changu, ngisi na pweza kidogo, mama akatia thomu, ndimu, pilipili na chumvi, vikalala kwenye friji, na tukampa kijana wa nahodha hela ya makaa na ya mkono wake. Saa tano tunakula samaki wa moto pale mchangani na mikate ya kumimina iliyobaki Idi Mosi. Wifi yangu wa Mwanza aliyezoea sato akaniuliza huyu ngisi mmemfanyaje mbona hatafuniki kama mpira, nikamwambia moto mkali, muda mdogo, basi.

Kitu nilicholipia bila kujadili ni turubai na miti yake. Nakupenda hamna hata mti mmoja, hamna kivuli cha kusingizia, na ndani ya maji hujui jua linavyokuunguza. Pakeji za bei chini zinakuachia mwavuli mmoja wa ufukweni kwa watu kumi. Sisi tuliongeza elfu kadhaa tukapata turubai la kumkinga mama na watoto wachanga wote, na maji ya kunywa tulibeba wenyewe, madumu, maana kule chupa inauzwa bei ya kuruka nayo.

Kuna kijana mmoja alikuja na kiti cha pweza mkononi, yule mnyama wa bahari mwenye umbo la nyota, kakitoa majini, anataka watoto wapige picha nacho kwa hela. Nilimwambia akirudishe, nikasimama mpaka akakirudisha. Kile kiumbe hakikai nje ya maji, na wanakitoa mara ngapi kwa siku? Kama unaona muongozaji wako anafanya hivyo usimpe hela ya ziada hata kama ni mcheshi.

Tulipofika Changuu boti nyingi zilikuwa zinaondoka. Kiingilio cha kobe kinalipwa kule kule, hakimo kwenye bei ya boti, na bei ya mwenyeji na ya mgeni ni mbili tofauti kwahiyo beba kitambulisho, wageni wetu wa bara walikuwa na vya NIDA wakaingia bei yetu. Hapa pesa ni halali yake. Kobe wa kwanza waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919 na wapo wenye umri zaidi ya miaka mia, wanakula majani mkononi mwa mtoto taratibu, unasikia kabisa mdomo unavyokata jani. Lile jengo la jela lilijengwa miaka ya 1890 lakini wafungwa hawakuwekwa, pakawa karantini ya wagonjwa wa meli. Hilo lilimkuna sana shemeji yangu, maana yeye miaka yote anawasimulia watu wafungwa walivyoteseka pale.

Kurudi upepo ulikuwa umeamka kidogo. Mama nilimkalisha tezi, karibu na nahodha, omo ndo panaporuka na kupiga mgongo, na vijana wenye nguvu wakakaa huko mbele waroe wao. Mwenye kichefuchefu tafuna tangawizi mbichi, tizama mbali, usitizame simu.

Jioni wageni wakataka na ile safari ya jahazi la tanga ya kutizama jua likizama. Hii mnaweza kulipa, ila muwe upande wa magharibi wa kisiwa: Mjini au Kendwa. Ukiwa Paje au Jambiani, upande wa mashariki, jua linazama nyuma ya minazi, mtu akikuuzia machweo ya baharini kule mwambie akupeleke Michamvi Kae, pale ndo ufukwe unatizama magharibi. Jua letu linazama saa kumi na mbili na kitu mwaka mzima, jahazi likitoka saa kumi na moja inatosha, hamna haja ya kulipia masaa matatu. Na muulize kama tanga litapandishwa kweli, maana wengine wanawasha mashine mwanzo mpaka mwisho, ngurumo na moshi, tanga limekunjwa kama pambo.

Wa Pemba wanaoniuliza kuhusu kisiwa cha Misali, hesabu ya mwezi ni hiyohiyo, ila kule muangalie na kusi, kati ya Juni na Septemba. Nahodha wa Wesha akikwambia leo hapana, warudishe watoto nyumbani, mpigie kesho.