Hakuna Mtu Aliyetuajiri

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Somo letu wiki hii ni Mathayo 20:1-16, ule mfano wa wafanyakazi katika shamba la mizabibu. Tumezoea kuuhubiri kuanzia mwisho wake, pale kwenye malipo na manung'uniko ya waliotangulia. Leo naomba tukae kwenye mstari wa 6 na wa 7. Ni saa kumi na moja jioni. Mwenye shamba alitoka alfajiri, akatoka tena saa tatu, saa sita na saa tisa, na sasa anatoka kwa mara nyingine jua likielekea kuzama. Anakuta watu bado wamesimama, anawauliza, "Mbona mmesimama hapa mchana kutwa bila kazi?" Wanamjibu, "Kwa sababu hakuna mtu aliyetuajiri."

Jibu hilo ni fupi na ni la kweli. Na tazameni mwenye shamba analipokeaje. Hawaulizi walisoma wapi, au kwa nini wenzao walichukuliwa na wao wakaachwa. Hawapi nasaha za kujituma. Anawaamini, kisha anawaambia nao waende shambani.

Tafakari hii nawaandikia ndugu zetu waliokaa muda mrefu bila ajira. Nawazungumzia wale ambao barua ya maombi wameiandika mpaka wanaijua kwa moyo, wanaobadilisha jina la taasisi juu na tarehe chini. Simu ikiita namba ngeni moyo unaruka, kumbe aliyepiga amekosea namba. Ibada ikiisha wanatoka haraka, kwa sababu wanajua lile swali linakuja: "Siku hizi uko wapi?" Anayeuliza hana nia mbaya kabisa, lakini lile swali linachoma.

Neno la kwanza kwenu ni hili: kukosa mwajiri si hukumu juu yenu. Najua kuna watu wanaowarushia 2 Wathesalonike 3:10, kwamba asiyetaka kufanya kazi asile. Paulo alikuwa anawakemea watu waliogoma kufanya kazi huku wakishinda kwenye mambo ya wenzao. Ndugu aliyepeleka maombi kila mlango anaoufahamu hayumo katika mstari huo, na kumtwika ni kumwonea.

Tena huo mfano wa shamba la mizabibu ni mfano wa ufalme wa mbinguni. Yesu hakuutoa kama ahadi kwamba kila aombaye atapata barua ya ajira kabla ya jua kuzama. Nalisema hili kwa sababu tumewaumiza watu kwa kuwatangazia miezi na tarehe za "mlango kufunguka", tarehe zikapita, wakabaki wanajiuliza imani yao ina kasoro gani. Mfano unachotuonyesha ni moyo wa Mungu kwa mtu ambaye hakuna aliyemchagua. Anamwona, anatoka kumfuata, na jioni anamlipa dinari nzima, ujira wa siku nzima, maana nyumbani kwake nako watu walikula siku nzima.

Sasa niseme juu ya kile ambacho kusubiri kwa muda mrefu kinamfanyia mtu, kwa sababu tumaini haliishi nje ya mwili na ratiba ya siku. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, katika kijiji cha Marienthal karibu na Vienna, nchini Austria, kiwanda cha nguo kilifungwa na familia nyingi zikabaki bila kazi. Kundi la watafiti, Marie Jahoda akiwa mmojawapo, lilikwenda kijijini kuzungumza na watu wale na kuwatazama, na matokeo yalichapishwa mwaka 1933. Mtu angetarajia kwamba watu wenye muda mwingi wangesoma zaidi na kukutana zaidi. Ikawa kinyume. Vitabu vilivyoazimwa maktaba vilipungua sana, ingawa ada ya kuazima ilikuwa imeondolewa. Wanaume walitembea polepole barabarani, wakisimama mara kwa mara pasipo sababu, na wengi walipoulizwa walichofanya asubuhi ile hawakuwa na la kueleza. Wanawake walitembea haraka kuliko waume zao. Nao hawakuwa na mshahara, ila walikuwa na nyumba ya kuendesha, watoto wa kuwavisha, na saa ya kila jambo.

Kwa hiyo ukijiona umepoa, kitabu ulichokipenda hukigusi, wazo lililokuwa likikuchangamsha sasa linakuchosha, usikimbilie kusema umekuwa mvivu au umerudi nyuma kiroho. Watu wengi wazuri wamepita hapo kabla yako. Ajira ilikuwa inakupa zaidi ya mshahara: saa ya kuamka, watu wa kukutana nao, na sababu ya kumaliza kitu. Vikiondoka vyote kwa mpigo, ubunifu nao hukosa pa kushika. Kuvirudisha, hata kwa kipimo kidogo, ni kazi ya kiroho kama ilivyo ya kimwili.

Tumtazame Yusufu. Aliuzwa akiwa kijana wa miaka 17, akasimama mbele ya Farao akiwa na miaka 30. Ndani ya miaka hiyo 13 kuna ile miwili ambayo Mwanzo 41:1 inaitaja kwa utulivu unaotisha: miaka miwili mizima baada ya mnyweshaji kuachiliwa na kumsahau. Kila aliyewahi kuahidiwa "nitakupigia" anaijua miaka hiyo.

Lakini rudini nyuma kidogo, Mwanzo 40:6-7. Ni asubuhi gerezani. Yusufu anaingia walikofungwa wale watumishi wawili wa Farao, anawatazama, anaona wamefadhaika. Anawauliza mbona nyuso zao zimekunjamana siku ile. Mtu aliyefungwa kwa kusingiziwa, asiye na tarehe ya kutoka, bado ana macho ya kuona huzuni ya mwenzake! Hapo ndipo naona tumaini lake. Hatuambiwi alikuwa akitabasamu gerezani, wala hatuambiwi alikuwa anaimba. Tunaambiwa aliwaona wenzake na akauliza.

Halafu siku ya Farao inafika. Farao alichotaka ni tafsiri ya ndoto tu. Yusufu akaitoa, kisha akaendelea bila kuombwa: awekwe mtu mwenye akili na hekima, wawekwe wasimamizi juu ya nchi, sehemu ya tano ya mavuno ikusanywe katika ile miaka saba ya shibe, nafaka itunzwe mijini. Huo ni mpango kamili wa kazi. Tafsiri ilitoka kwa Mungu, naye Yusufu alikiri hivyo. Ila hesabu za ghala na usimamizi wa watu alikuwa amezishika kwa mikono yake, kwanza nyumbani kwa Potifa, kisha gerezani, ambako mkuu wa gereza alimwachia kila kitu. Ile miaka ambayo ingeonekana kama pengo kwenye CV yake ndiyo iliyomfundisha kazi aliyokuja kuifanya. Sisemi kwamba Mungu alimtia gerezani ili kumfundisha. Ndugu zake walitenda uovu, mke wa Potifa alisema uongo, na Biblia haifuniki hayo. Nasema kwamba hata humo ndani Yusufu hakuacha kufanya kazi iliyokuwa mbele yake.

Ndiyo maana ninapotaja ubunifu simaanishi kila mtu aanzishe biashara. Neno "jiajiri" limekuwa rahisi sana midomoni mwa wenye mishahara. Biashara inataka mtaji, soko na moyo wa kuuza, na si kila mtoto wa Mungu amepewa huo moyo. Ubunifu ninaousema ni mtu kuendelea kutumia kile Mungu alichoweka ndani yake hata kabla hajapatikana wa kukilipia. Mhasibu awasaidie akina mama wa kikundi kupanga daftari lao. Mwalimu akae na watoto watatu wa jirani waliokwama kwenye hesabu. Mwenye kuchora achore, na akimaliza amwonyeshe mtu. Kumaliza kuna nguvu ya pekee kwa mtu ambaye maombi yake mengi ya kazi hayakupata hata jibu. Chagua kitu kidogo kinachoweza kuisha ndani ya wiki, ukimalize, kisha umkabidhi mtu.

Kuna mama mmoja katika 2 Wafalme 4:1-7 ambaye nampenda sana. Mumewe alikuwa mcha Bwana, mmoja wa wana wa manabii, naye akafa akaacha deni. Sasa mdai amekuja kuwachukua watoto wawili wawe watumwa. Nyumba ya mcha Mungu kabisa, na deni limo ndani. Elisha anamuuliza ana kitu gani nyumbani. Jibu lake la kwanza ni lile ambalo wengi wetu tungetoa: sina kitu. Kisha anakumbuka chupa ya mafuta.

Mara nyingi tunahubiri ile chupa na kuruka vyombo. Elisha alimtuma kwa jirani zake wote akaazime vyombo vitupu, tena visiwe vichache. Hebu fikirini mama huyu anavyobisha hodi mlango wa kwanza. Anaomba chungu. Mwenye nyumba anauliza cha nini. Atasema nini? Kila mlango aliobisha, alikuwa anakiri kwamba kwake kumeharibika. Bila shaka wapo waliompa huku wakimtazama vibaya. Ila kama angejifungia na aibu yake, mafuta yangepata wapi pa kuingia? Mafuta yalikoma vyombo vilipokwisha.

Ndugu yangu uliyeacha kuja kwenye ushirika kwa sababu huna sadaka, au kwa sababu viatu vimeisha, au kwa sababu umechoka kujieleza, mama huyu anakusemesha. Aibu inakuambia ujifiche mpaka mambo yakae sawa. Waambie watu unatafuta kazi gani. Uwaambie waziwazi, kwa jina la kazi yenyewe, ili anayesikia nafasi akukumbuke. Watu huita koneksheni na tunaisema kama dhambi, na kweli kuna upendeleo unaonyima haki wanaostahili. Lakini jirani kujua hitaji lako na kukutaja mahali panapofaa, huo ni upendo wa kawaida wa wana wa Mungu.

Na angalieni jambo jingine. Elisha hakumwomba mama huyu hata tone la mafuta yale. Alimwambia auze, alipe deni, na yeye na wanawe waishi kwa kilichobaki. Akitokea mtu anayetaka fedha ili akufungulie ajira, awe wakala mwenye ofisi au mtu anayedai sadaka maalumu ya kuvunja vifungo vya kazi, usimpe. Shirika la Kazi Duniani, katika Mkataba wake Na. 181 wa mwaka 1997, liliweka kanuni kwamba mawakala binafsi wa ajira wasimtoze mtafuta kazi ada. Kama ulimwengu umeliona hilo kuwa haki, kanisa lisiwe nyuma.

Vipo vipimo vya kimataifa vinavyosema aliyekaa miezi 12 au zaidi bila kazi yuko kwenye ukosefu wa ajira wa muda mrefu, na aliyeacha kutafuta kabisa haingii kwenye hesabu ya wasio na ajira. Anatoweka kwenye takwimu. Mioyoni mwetu asitoweke. Ninyi wenye kazi, wiki hii mkumbukeni mtu mmoja kwa jina. Msimuulize "umepata?" Muulizeni anaendeleaje, na mkijua nafasi mpelekeeni tangazo mapema, si siku ya mwisho ya kupokea maombi. Kama kuna kazi ya siku mbili mnayotaka ifanywe, mpeni yeye na mmlipe ipasavyo. Kumwomba mtu afanye bure kwa sababu "hana kazi hata hivyo" ni dhuluma.

Kwa sala ya wiki nawapa Zaburi ya 13. Ina mistari sita tu. Daudi anamuuliza Bwana "hata lini" mara nne mfululizo, na Mungu hakumkatiza. Mwishoni anaimba, ingawa hakuna mstari unaosema hali yake ilikuwa imebadilika. Kama wewe bado uko kwenye "hata lini" ya pili au ya tatu, isome hiyo na usijilazimishe kufika kwenye wimbo. Sisi wengine tutausoma mstari wa mwisho kwa niaba yako.

Tuombe. Baba, tunawaleta kwako wote wanaosubiri majibu, wenye usaili wiki hii, na wale ambao hawajaitwa popote tangu mwaka uanze. Wape riziki ya leo. Walinde na kukata tamaa usiku. Wafungue macho wakione ulichowawekea mikononi, na utufungue sisi mikono tulio karibu nao. Uwape kazi, Bwana, kazi halali yenye malipo ya haki. Tunaomba katika jina la Yesu. Amina.