Siku Moja Maishani Mwangu: Piano ya Chuo na Ukavu wa Oktoba

Saa kumi na mbili asubuhi ndiyo saa ya kuaminika mwezi huu hapa Tabora, kwa kuwa ukumbi wa chuo huwa bado umeshika ubaridi wa usiku. "Mwangaluka, mzee," nilimsalimu mlinzi, naye akanifungulia mlango huku akiuliza kama leo ndiyo siku ya zile nyimbo za Wazungu. Ndiyo yenyewe. Jioni tulikuwa tunafungua maonyesho yetu ya muziki wa klasiki, ambayo mabango yanayaita Msimu wa Vuli. Jina hilo nililipinga kikaoni nikashindwa: vyuo vya Ulaya huanza maonyesho majani yanapopukutika, nasi tukaazima neno la watu wa pwani lenye maana ya mvua fupi, ilhali Unyamwezi una msimu mmoja tu wa mvua, na wakati huu miti ya miyombo inachipua majani mekundu bila hata wingu juu yake.

Kuanzia saa moja hadi saa nne nilikuwa nimeinamia piano. Ina vibonye 88 lakini nyuzi zaidi ya 200, kwa sababu noti nyingi zina nyuzi tatu tatu, na kila uzi una chango yake ya kukazwa. Nyuma ya nyuzi hizo kuna ubao mpana, mwembamba, uliobinuka kidogo. Wakati wa mvua hunyonya unyevu ukavimba na kuzivuta nyuzi, sauti ikapanda, na kiangazi husinyaa, nyuzi zikalegea. Watu hulaumu joto, lakini mkosaji hasa ni ukavu. Noti A ya katikati niliikuta kwenye mitetemo 432 hivi kwa sekunde, badala ya 440, kipimo cha pamoja kilichokubaliwa katika mkutano wa London mwaka 1939. Kuipandisha piano nzee kiasi hicho kwa asubuhi moja ni kutafuta kukata waya, na hata zikipona, nyuzi zilizokazwa ghafla hazitulii hadi jioni. Niliamua 435, kipimo ambacho Ufaransa ilikiwekea sheria mwaka 1859, kwa hiyo sikujiona nimevunja heshima. Mpiga tarumbeta alinung'unika, kisha akavuta bomba lake nje kidogo ili sauti ishuke, yakaisha. Chini ya piano niliacha ndoo ya maji yenye gunia lililolowa.

Saa tano nilikuwa na kipindi cha nadharia, ambacho sina la kusimulia juu yake.

Saa nane tulianza mazoezi ya mwisho. Kwaya yetu imejifunza kila kitu kwa nota za solfa, yaani do-re-mi, na sioni aibu katika hilo, maana wanaokamata haraka zaidi ni wale waliolelewa na kwaya za parokia. Tatizo lao ni nguvu. Ave verum corpus ya Mozart, aliyoitunga Juni 1791, miezi sita kabla ya kifo chake, ina bari (vipande vya mapigo) 46 tu, na agizo pekee aliloandika juu ya namna ya kuiimba ni kwamba sauti iwe ya chini. Kijana mmoja wa besi alinyoosha mkono.

"Mwalimu, mbona tunaimba kama tuko wodini?"

"Hivyo hivyo. Mgonjwa amelala, msimwamshe."

Bari za mwanzo zikakaa sawa kwa mara ya kwanza tangu Agosti.

Saa moja jioni ukumbi ulikuwa umejaa. Mwanafunzi wa mwaka wa pili alifungua kwa Preludi ya Bach katika C, ile inayoanzisha kitabu chake cha preludi na fuga cha mwaka 1722, na alipofika katikati umeme ukakatika. Kinanda cha umeme kingenyamaza. Piano haikujua lolote, naye alikuwa ameihifadhi kichwani, akaendelea gizani huku tochi za simu zikiwashwa moja moja. Ave verum tuliiimba kwa mwanga huo huo. Umeme ulirudi katikati ya Haleluya ya Handel, na makofi mengine, nadhani, yalikuwa ya taa.

Saa tatu usiku mlinzi alinikuta nikijaza ndoo. Alisema ule wimbo wa kunong'ona urudiwe. Nikamwambia utarudiwa mwishoni mwa Novemba, ambapo huenda mvua zitakuwa zimeanza, ubao umevimba, nami nitakuwa ninazilegeza nyuzi zile zile nilizozikaza leo.