Nilivyoizibua mashine ya moshi iliyogoma ukumbini

Tulikuwa Ukonga kwenye sendofu. Binti amesimama mlangoni na mpambe wake, MC ameshaita, mimi nabonyeza rimoti ya mashine ya moshi. Ndani ikanguruma "mmmm", mdomoni hakikutoka kitu. Binti akaingia bila moshi ambao baba yake aliulipia. Hela ya moshi nilimrudishia mzee usiku uleule, lakini iliniuma sana, maana mlango ule binti haingii mara mbili.

Jumatatu nikaipeleka kwa fundi Kariakoo. Akaiwasha, akasikiliza kidogo. "Kaka, pampu imekufa hii. Tafuta mashine nyingine." Sikuridhika. Kama pampu imekufa, nini kinanguruma? Nikarudi nayo Tabata.

Maji ya moshi, ambayo sisi tunayaita dawa, hutoka kwenye tangi kwa mpira mwembamba, yakapita kwenye pampu, kisha yakaingia kwenye mrija mwembamba uliomo ndani ya hita, yaani pande la aluminiamu linalopata moto kupita nyuzi 200. Humo yanageuka mvuke na kutokea kwenye nozeli, katundu kadogo ka mdomoni. Njia ikiziba popote pale, pampu itanguruma tu bila kusukuma kitu. Kwa hiyo mngurumo peke yake hauwezi kukwambia nani mgonjwa.

Nilichomoa plagi, nikaiacha mashine ipoe usiku kucha. Asubuhi nikafungua kava, nikauchomoa mpira pale unapoingia kwenye hita, nikauelekeza nje kwenye kikombe na kufunga kava tena kabla ya kurudisha umeme, kwa sababu mle ndani kuna volti 230. Hita ilipopata moto nikabonyeza rimoti. Maji yakaruka kikombeni kwa nguvu! Pampu nzima kabisa.

Basi uchafu ulikuwa mbele. Mashine ilipopoa tena nikafungua nozeli kwa spana. Katundu kamejaa masizi ya kahawia na chembe nyeupe, zile zile unazoziona chini ya birika la chai. Nilizitoa taratibu kwa uzi mwembamba wa gitaa. Usitumie msumari wala drili, tundu likipanuka mashine itakuwa inatema maji badala ya moshi.

Zile chembe nyeupe ndizo zilinifanya nimuulize dogo ninayefanya naye kazi. Akaniambia ukweli: "Bro, dawa ilikuwa imebaki kidogo, nikaongeza gliserini ya duka la dawa na maji ya kisima." Sikumgombeza, maana sikuwahi kumfundisha. Maji ya visima vingi vya hapa Dar yana chumvi; yakichemka, chumvi inabaki kwenye mrija. Na gliserini huchemka kwenye nyuzi 290, wakati propilini glikoli iliyo kwenye dawa nyingi za moshi huchemka kwenye 188. Ile gliserini ilikuwa inaungulia mle ndani.

Mrija wenyewe ndio ulinipa kazi. Nilichanganya siki nyeupe sehemu moja na maji ya betri sehemu tatu. Angalia sana hapo: ni yale maji safi ya kuongezea betri, siyo asidi! Hita ikiwa baridi na plagi iko nje, nikayasukuma kwa bomba la sindano kwenye mdomo wa mrija. Mwanzoni yaligoma kabisa. Nikaacha saa nzima, nikasukuma tena, yakaanza kudondoka upande wa pili, rangi ya chai ya rangi.

Nikaunga kila kitu, nikaitoa uani, nikaweka mchanganyiko uleule kwenye tangi na kuiwasha. Nilikuwa nabonyeza sekunde chache, napumzika, nabonyeza tena, nimesimama pembeni maana inatema matone ya moto. Harufu ya siki ni kali, ndani ya nyumba usithubutu. Nilipoona mvuke unatoka mweupe bila vipande, nikamwaga siki yote na kupitisha maji ya betri matupu mpaka harufu ikaisha. Siki ikilala humo inakula chuma.

Halafu dawa ya moshi yenyewe. Ikakohoa mara mbili, ya tatu ukungu ukafunika kamba ya nguo za mama mwenye nyumba.

Siku hizi kila shughuli ikiisha dogo mwenyewe anapitisha maji ya betri kwa dakika moja kabla hatujapakia vyombo. Dumu la dawa tumeliandika kwa maka peni: USIONGEZE KITU.