Nilivyowahamishia trauti baharini baada ya kuwapoteza mara ya kwanza

Kwa miaka kadhaa vizimba vyangu vilikuwa na samoni peke yake, na bei yake ilipoyumba sikuwa na samaki mwingine wa kupeleka sokoni. Ndipo nilipoongeza trauti wa baharini, yaani trauti wa kahawia anayeanguliwa mtoni, akashuka baharini kula na kunenepa, kisha akarudi mtoni kutaga. Vizimba na mashine za kulishia nilikuwa navyo tayari. Maarifa ndiyo yaliyopungua.

Kosa langu lilikuwa kuamini mizani. Vifaranga walipofikisha gramu 100 hivi niliwahamishia kwenye maji yenye takriban gramu 35 za chumvi kwa lita. Kabla ya juma kwisha walikuwa wanazubaa karibu na uso wa maji, rangi imekolea, na chakula kinawapita wakikitazama tu. Maji ya bahari huunyonya mwili wa samaki hadi ukaukiwe, naye hulazimika kuyanywa maji hayo na kuitoa chumvi kupitia matamvua, kazi ambayo matamvua ya samaki asiyekomaa kwa safari hiyo hayaiwezi. Karibu theluthi walikufa, na wengi wa waliosalia walidumaa.

Kundi la pili nililiandaa kwa taa: majuma sita ya siku fupi, mfano wa majira ya baridi, kisha mwanga wa saa 24 ili miili yao ipokee ishara ya majira ya kuchipua. Kila asubuhi niliwakamata wachache na kuwatazama kwa karibu. Mabaka ya ubavuni yalififia, fedha ikatanda, kingo za mapezi zikawa nyeusi, na magamba yakaanza kubaki kwenye kiganja changu kilicholowa. Tangini nako waliacha kupingana na mkondo, wakaufuata. Hata hivyo sikuyaamini macho peke yake, nikawaweka samaki 30 katika maji ya bahari kwa saa 24. Wawili walikufa. Nilisubiri siku kumi nikarudia, na safari hii wote walikuwa hai na wachangamfu, nikaagiza chombo cha kuwasafirisha siku hiyohiyo, kwa sababu hali hiyo ya kuwa tayari kwa chumvi haidumu, na maji yakipata joto hupotea upesi zaidi.

Siku mbili kabla ya safari sikuwalisha, na njiani nilipima oksijeni mara kwa mara. Vifo vya mwezi wa kwanza vilihesabika kwa vidole.

Aliyenieleza kwamba trauti wangeniondolea kero za samoni alitia chumvi, kwa kuwa chawa wa baharini, vimelea wanaoganda kwenye ngozi ya samaki, hawabagui. Lipo pia tatizo la madume wanaopevuka mapema: hurudia rangi ya kahawia na kushindwa tena na chumvi. Kwa hiyo sasa naagiza mayai ya samaki tasa wenye seti tatu za kromosomu, na hao huwawekea oksijeni zaidi maji yanapopata joto, maana hulivumilia kwa shida.