Nimerudi Moshi, na swali langu ni nani atazibua mtaro

Kwa mnaouliza kama nimekuja kula Krismasi na Wachagga wenzangu halafu Januari nipotee: hapana, mizigo yote imeshuka. Baada ya miaka mingi ya uhandisi wa ujenzi kule Minnesota, Marekani, sasa nimepanga chumba Soweto na napanda bodaboda kama wenzangu. Mji bado msafi. Nalisema mapema maana najua watu wa Arusha wanasoma.

Watu wakisikia injinia karudi wanategemea habari za ghorofa na barabara za juu. Kilichonikaa kichwani kule ni hesabu. Minnesota ndiko anakotoka Charles Marohn, mhandisi aliyewauliza wenzake jambo ambalo mimi chuoni sikuulizwa hata siku moja: barabara hii ikichakaa, kodi ya walio kando yake itatosha kuitengeneza? Katika mji wake wa Brainerd alilinganisha vitalu viwili vya ukubwa sawa. Kimoja kilikuwa na vijiduka vya zamani, vimechoka, rangi imebanduka. Kingine kilibomolewa, ukajengwa mgahawa mpya na maegesho mapana. Kwenye daftari la kodi, kile kilichochoka kilikuwa na thamani karibu mara mbili ya kile kipya.

Sasa pita nyuma ya Soko Kuu. Duka chini, familia juu, fundi cherehani barazani, mama wa ndizi pembeni yake. Kipande kifupi cha lami na bomba moja la maji vinalisha watu wote hao. Kisha toka nje ya mji ukaone viwanja vikubwa vyenye ukuta, nyumba moja moja, na kila mmoja anadai lami ifike getini. Sisemi wasijenge. Nasema lami ya namna hiyo, hata ikijengwa kwa msaada, inatuachia bili.

Hapa kwetu bili hiyo haionekani kirahisi. Tangu 2021 kodi ya majengo tunakatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, kwa kiwango kimoja. Ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, iwe katikati ya mji au pembeni kabisa. Kukusanya ni rahisi, sikatai. Ila ukitaka kujua mtaa upi unajilipia na upi unabebwa, LUKU haitakwambia. Barabara za mitaa nazo ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017, yenye kilomita nyingi kuliko TANROADS ya barabara kuu na za mikoa, lakini katika mgao wa Mfuko wa Barabara imekuwa ikipata asilimia 30.

Ndiyo maana nimeanza kuhudhuria mikutano ya mtaa huko Pasua, bila ramani wala kompyuta. Mara ya kwanza nilimwomba mwenyekiti tutembee kwanza, tuongee baadaye. Tukafika kwenye mtaro mbele ya fremu: matope hadi juu, chupa za plastiki, magunzi ya mahindi, na mfuniko wa zege uliovunjwa na lori. Wateja wanavukia ubao. Lami ya pembeni ilikuwa imeanza kuchimbika, na si kwa sababu ya magari. Maji yakikosa njia yanaingia chini ya lami, yanalainisha udongo, tairi linamalizia tu.

"Shikamoo mama," nilimwambia mwenye genge. "Maji huwa yanatokea wapi?"

"Marahaba mwanangu. Mvua ikinyesha kule juu mlimani Kibosho, sisi huku jua linawaka. Unashtukia maji haya hapa." Akanionyesha kwa mwiko yanapokata kona, na kalvati haipo hapo, ipo mbele zaidi. Kwenye mchoro nisingeliona hilo.

Meku mmoja, yaani mzee wa Kichagga, aliyekuwa nasi akaleta habari ya mifereji ya mlimani. Kule kila anayetumia maji hutoka kwenda kuzibua, na asiyetokea hulipa faini. Mifereji hiyo ni ya kabla ya wakoloni na mingine inatiririka hadi leo, wakati mtaro wa zege wa Pasua umeziba. Sikuwa na la kuongeza.

Ubishi ukaanza. Wapangaji wa fremu wanasema wenye nyumba ndio wachangie. Wenye nyumba wanasema wao tayari wanakatwa kwenye LUKU, hela hiyo inakwenda wapi? Mimi naona wana haki ya kuuliza, na kabla hatujamchangisha mtu wajibiwe kwa tarakimu. Mwenyekiti anataka jambo hili lifike kwa diwani kabla bajeti ya halmashauri haijafungwa, maana mwaka wa fedha ukianza Julai utaambiwa subiri mwakani. Nimepewa kazi ya kuandika gharama mbili kwenye karatasi moja, kwa Kiswahili: ya kuzibua mtaro kila mwaka kabla ya masika, na ya kuweka lami upya. Mkutano ujao tunakutana pale pale penye genge. Wenye fremu, njooni na risiti zenu za LUKU.