Mvumo wa moyo, na mtoto aliyekatazwa mpira

Ijumaa, usiku

Leo kliniki nimesikiliza mioyo miwili, na bado naisikia.

Wa kwanza ni wa mvulana wa miaka 5. Wiki iliyopita aliletwa na homa, mwenzangu akasikia mvumo, ile sauti ya ziada kati ya mapigo. Leo homa imekwisha. Nilimlaza nikasikiliza: mvumo mfupi, laini, upande wa kushoto wa kidari kwa chini, unalia kama uzi wa zeze ulioguswa kwa ukucha. Nikamsimamisha. Ukafifia, karibu upotee. Sauti ya pili ya moyo ilikuwa safi, ikigawanyika anapovuta pumzi na kuungana anapoitoa. Mapigo ya kinena yalikuwa na nguvu. Mtoto anakua, anakimbia na wenzake, hajawahi kuzimia, na kwao hakuna aliyekufa ghafla angali kijana. Huu ndio mvumo alioueleza George Still, daktari wa watoto Mwingereza, mwaka 1909. Hauna ugonjwa ndani yake. Homa ilikuwa imeukuza tu, kwa kuwa damu ilikuwa inakwenda kasi.

"Dokta, ni tundu?" mama yake akauliza, kabla sijatoa stetoskopu masikioni.

Swali hilo lilinirudisha mbali. Nilipokuwa mgeni kazini nilimwandikia rufaa mtoto wa umri huohuo, nikamwambia mama yake "moyo una sauti," basi. Eko, kipimo cha kuupiga moyo picha kwa mawimbi ya sauti, ikaonyesha moyo hauna kasoro. Lakini mtoto alikuwa ameshakatazwa mpira, hata kuchota maji, na akaendelea kukatazwa mwaka mzima baada ya majibu, maana hakuna aliyekaa na mama yule akamweleza akaelewa. Ugonjwa ule nilimpa mimi.

Leo nikavuta kiti. Nikamvalisha mama stetoskopu, amsikilize mwanawe akiwa amelala, kisha akiwa amesimama. Sauti ilipofifia alinitazama macho yamemtoka.

"Kwa hiyo acheze?"

"Acheze, mama. Mpira, kuogelea, vyote."

Wa pili ni binti wa miaka 13, kaja na bibi yake anayemlea. Shuleni wenzake wakikimbia yeye hukaa. Mvumo wake ni mrefu, uko kwenye ncha ya moyo na unaenea hadi kwapani. Nilimsimamisha, haukwenda popote. Mafindofindo humrudia kila mara. Mwaka jana goti lilivimba, likapona, likaanza la pili. Nahofia ni homa ya baridi yabisi, ile inayofuata mafindofindo na kushambulia viungo na moyo, na imeshaharibu mlango wa moyo. Ikithibitika, atachomwa penisilini kila wiki 4 kwa miaka mingi, ili homa hiyo isirudi.

Nimeandika rufaa ya eko kwenda Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Bibi hakuuliza habari za moyo. Aliuliza nauli ya Dar es Salaam ni kiasi gani. Tukahesabu pamoja, ya kwenda na kurudi, watu wawili. Haijatimia. Jumatatu asubuhi, kabla ya kliniki, nitapita kwa afisa ustawi wa jamii.